Chiriku wa Korongo, Nondo wa Kilima

14 Novemba 1976

Imenyesha leo, mvua ya kwanza ya kulowesha kweli, na paa la nyumba ya mwalimu linavuja pembeni mwa kitanda. Nimeamua kuandika kwa sababu nikimweleza kaka yangu Osea yaliyomo moyoni mwangu, huniambia nisali. Nimesali tangu mwaka juzi. Sasa nitaandika.

Nianze na mtu mwenyewe. Anaitwa Nikodemo Sichone, mwenyekiti wa kijiji chetu cha Juhudi. Agosti ya mwaka 1974 alikuja korongoni kwetu na mgambo, akampa mama yangu hadi mchana awe ametoka kuhamia kijijini. Mama alikuwa hajiwezi, miguu imemvimba. Mimi nilikuwa nafundisha Vwawa, na Osea alikuwa Tunduma kwenye kazi za reli. Mchana ulipofika walimbeba mama na kitanda chake, halafu wakaiwasha nyumba ili asirudi. Alilazwa kwenye kibanda cha nyasi hapa kijijini, katika vumbi na baridi ya Agosti, na wiki haikuisha. Tulimzika korongoni, mbele ya nyumba yake iliyoungua, maana ndiko alikotaka.

Baadaye niliomba uhamisho nije kufundisha hapa. Watu wanadhani nimefuata kaburi. Nimemfuata Nikodemo.

16 Novemba

Nimekutana naye njia ya kisimani. "Mwalimu Yunisi, shule haijambo?" Nimesema haijambo. Ana meno mazuri na hucheka na kila mtu. Nyumba yake ya matofali ya kuchoma imefika kwenye linta.

19 Novemba

Amekuja bwana misitu kutoka Mbeya. Anaitwa Bwana Athuman, mtu wa Handeni, mpole, anazungumza kama mtu anayebembeleza mtoto mgonjwa. Halmashauri ya kijiji ilikaa darasani kwangu, nami nikaitwa kuandika kumbukumbu.

Habari yenyewe ni kuni. Kijiji kimepewa shamba la ujamaa la tumbaku, na tumbaku haikauki bila moto. Mabani mawili ya kukaushia yamesimama tayari nyuma ya ghala. Miti mikubwa iliyobaki karibu na kijiji ipo sehemu mbili tu: korongoni kwetu, na kwenye kilima cha miti ya mitondo ng'ambo ya mto.

"Sehemu moja mkate, moja ibaki," alisema Bwana Athuman. "Nikipata sababu nzito naweza kuwaombea zote mbili zibaki, watu wa tumbaku walete kuni kwa lori kutoka kwingine. Lakini kwa sasa sababu hiyo sina."

Kisha akaeleza kilichomleta yeye mwenyewe badala ya kutuma barua. Korongoni kuna chiriku mmoja mwenye koo jeusi na tumbo la njano ambaye hamwoni tena mahali pengine anapotembea. Kilimani kuna nondo mkubwa, na huyo naye anapungua kila mwaka. Akaomba mwalimu wa sayansi awaangalie wote wawili msimu huu, awalinganishe, kisha mwezi wa kwanza aueleze mkutano mkuu yupi anahitaji zaidi kuachiwa miti yake.

"Mwalimu ni mtu wa haki," Nikodemo akasema. "Tutamsikiliza."

Hapa niandike kile kilima ni cha nani. Siku hizi ardhi ni ya kijiji, lakini kila mtu husema kilima cha Nambeye. Bibi Nambeye ni mama yake Nikodemo. Viwavi wa nondo yule ndio kitoweo chetu cha mvua, wale ambao jamaa wa Zambia wanawaita ifishimu, na hakuna anayechuma mpaka Nambeye apande kwanza, achume konzi moja, apike, ale. Nikodemo hukausha viwavi kwa magunia na kuyavusha mpaka hadi Nakonde, Zambia. Nyumba ya matofali imetoka humo.

Nimeikubali kazi kabla Bwana Athuman hajamaliza kuomba.

21 Novemba

Mvua kutwa. Ibada ilikuwa na watu wachache.

24 Novemba

Asubuhi tumemkuta nondo kwenye ukuta wa darasa la sita. Ni mpana kuliko kiganja changu, rangi ya majani makavu, na kila bawa la nyuma lina duara kama jicho la ng'ombe. Bado alikuwa ananyoosha mabawa yakauke. Watoto walisimama kimya, jambo ambalo kwangu hawalifanyi.

Bwana Athuman alikuwa hajaondoka. Aliinama akamtazama kwa muda. "Hebu mwangalie usoni, Mwalimu. Hana mdomo."

"Anakula nini?"

"Hali kitu. Alikula alipokuwa kiwavi, basi. Sasa atatafuta mwenzake, atataga, atakufa. Wiki moja ni nyingi kwake."

Nimefikiria habari hiyo kutwa nzima. Kiumbe asiye na mdomo hawezi kudai chochote. Nikafurahi, maana anayetegemewa na Nikodemo ndiye asiyeweza kujitetea. Mama yangu naye, majirani waliniambia, siku ile hakusema neno tangu walipomtoa mlangoni.

28 Novemba

Nimekwenda korongoni baada ya ibada. Chiriku nilimsikia kabla ya kumwona. Sauti yake inaanza chini, inapanda, halafu inakatika kama mtu aliyekumbuka jambo. Mama alikuwa akimsikia kila asubuhi akiwa jikoni, nasi hatukumjali.

Chini ya kichaka nikakuta vijiti vimepakwa ulimbo, na pembeni amekaa mwanamume na tundu la waya. Anaitwa Shaban, mfanyabiashara wa Tunduma. Hakuona aibu.

"Dada, hawa wanapanda lori mpaka Dar es Salaam, na kule ndege wanapanda ndege, wanakwenda Ulaya." Akacheka mwenyewe. "Lakini wamekwisha. Zamani tundu lilijaa kabla ya jua kuwa kali. Leo nina mmoja tu, naye jike, haimbi."

Nimeokota vijiti vyake kimoja kimoja nikavivunja. Nikamwambia hapa pamelala mama yangu, na akirudi nitamwitia mgambo. Alinyanyuka, akafungua mlango wa tundu, yule jike akatoka. "Pole kwa msiba, dada," akasema, akaenda zake. Nimeona ajabu kwamba muuza ndege amesema pole kwa dakika moja, na mwenyekiti wangu ana zaidi ya miaka miwili hajaisema.

5 Desemba

Nina homa kidogo. Tumpe, mke wa Osea, ameniletea uji wa ulezi. Watoto wake wanauliza viwavi watakuwa wakubwa lini.

12 Desemba

Naandika haya polepole ili yakae sawasawa.

Tangu alfajiri nilikuwa korongoni. Chiriku wamejenga kwenye kichaka juu ya kaburi, kiota kidogo kama kikombe cha chai, kina makinda ambayo bado hayajaota manyoya. Bwana Athuman aliniagiza niangalie wanalishwa nini. Dume akaruka. Nilitegemea ashuke kwenye nyasi zenye mbegu, zimejaa pale chini. Hakushuka. Alivuka mto, akaenda moja kwa moja hadi kilimani kwa Nambeye. Aliporudi alikuwa na kitu cha kijani kinachojipinda mdomoni. Jike naye akaenda hukohuko, naye akarudi na kitu hichohicho. Wameshinda asubuhi wakivuka bonde kwenda na kurudi, na yale makinda hayashibi.

Nikapanda kilimani kuhakikisha. Viwavi wameanguliwa juzijuzi, wembamba kama punje za mchele, wamejipanga kwenye majani ya mitondo. Chiriku wengine walikuwa humo wakiwadonoa. Nimewaona kwa macho yangu.

Mimi nafundisha sayansi, na maana ya jambo hili naijua. Kilima kikikatwa nondo atakwisha msimu huu, na chiriku atafuata, hata kama korongo lote litasimama. Bwana Athuman anataka nilinganishe viumbe viwili, kumbe mmoja anaishi kwa mwenzake. Hii ndiyo sababu nzito aliyosema hana. Nikiitoa, kilima kitapona, korongo litapona, na Nikodemo ataendelea kukausha magunia yake.

Nimeshuka, nimenawa miguu mtoni, nimerudi nyumbani. Sitaitoa.

13 Desemba

Sikulala vizuri. Lakini sijabadili.

20 Desemba

Nikodemo amekuja kwangu mvua ilipokatika. Nilimpa kiti, akakataa, akabaki mlangoni akikunja kofia yake.

"Nasikia unashinda korongoni, Mwalimu."

"Namwangalia chiriku."

"Na mama yako."

"Na mama yangu."

Akaikunjua kofia. "Ile kazi niliagizwa. Tulipewa tarehe. Kijiji kisipojaa, mwenyekiti anaitwa kujieleza."

"Uliagizwa kuhamisha watu. Kiberiti uliagizwa na nani?"

"Watu walikuwa wakihamishwa mchana, jioni wanarudi."

"Mama hakuwa na miguu ya kumrudisha."

Alitazama matope kwenye viatu vyake. "Pole," akasema. "Imechelewa, lakini pole. Na mkutanoni sema unavyoona, Mwalimu. Usinionee haya."

Kama ningeipata mwaka jana, pengine ningeipokea. Sasa mkutano umebakiza wiki chache, naye anakuja kunilainisha. Aliacha kikapu cha maharage. Nimekipeleka kwa mpishi wa shule bila kukigusa ndani.

27 Desemba

Leo Nambeye amefungua kilima, na Tumpe alinishika mkono akanivuta niende.

Wanawake walisubiri chini, kila mmoja na ungo wake. Bibi alipanda peke yake, mgongo umepinda, fimbo mkononi. Alirudi na konzi moja, akawaminya matumbo kwa vidole, akawakaanga na chumvi kwenye kigae, akala wa kwanza. Kisha akanyoosha mkono kwangu, mimi niliyekuwa nyuma ya wote. "Wewe ni mtoto wa korongoni. Kula." Bibi husema Kinamwanga, Kiswahili anakielewa lakini anakionea uvivu.

Nilikula. Sikuweza kukataa mbele za watu. Ni watamu, na hilo nalo limenichukiza.

Tukiwa juu alinionyesha matawi matupu. "Wanapungua. Watu hawasubiri wanenepe. Mwanangu ndiye wa kwanza, anawatuma vijana kabla yangu, anadhani sijui." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja mguu unaomuuma.

Tumpe alijaza ungo mmoja tu. Mwaka jana, anasema, zilikuwa tatu.

2 Januari 1977

Mvua ya mawe. Mahindi ya Osea yamechanika majani.

8 Januari

Mkutano mkuu umefanyika leo. Kwa sababu ya mvua tulijazana madarasani, mbao za kugawanya zikaondolewa. Bwana Athuman amekuja kutoka Mbeya. Nikodemo aliketi mbele kama mwenyekiti. Mama yake aliketi chini, miguu ameikunja.

Nilivaa gauni langu la kijivu. Nilisema: "Ndugu wanakijiji, nimewaangalia wote wawili. Chiriku wa korongo hana korongo lingine. Wategaji wa Tunduma wamemmaliza kila mahali, na hapa amebaki kwa sababu pana kaburi na watu wanaogopa. Akiondoka hapa hatuna pa kumfuata. Nondo wa kilima ana mitondo ng'ambo, Zambia kote. Tena hajamalizwa na shoka. Amemalizwa na sufuria, na magunia yanayovuka mpaka." Hapo nilimtazama Nikodemo, naye hakunikwepa. "Mmoja tunamlinda asiibwe. Mwingine tunamla. Kama lazima kuchagua, mimi nachagua chiriku."

Watu walinong'ona. Tumpe alinitazama kama amenisikia vibaya.

Bwana Athuman akainua kalamu. "Swali moja tu, Mwalimu. Makinda ya chiriku yanalishwa nini?"

"Mbegu za nyasi," nikasema.

Aliandika.

Nambeye akaomba kusema. Alisimama kwa shida, na Osea akawa mkalimani kwa ajili ya mgeni. "Ndege wa mwalimu anaimba, ndiyo maana mmemsikia. Wangu hasemi. Lakini mwezi huu, ghala zikiwa tupu, ni nani anawalisha watoto wenu? Kateni. Mkishakata mje mniulize watoto wale nini." Aliketi. Kabla ya kuketi alinitazama, na hakuniondolea macho mpaka nikainamisha uso.

Mikono iliinuliwa. Wenye tumbaku walikuwa wengi, na kuni za kilima ni nzuri kuliko za korongo, wala hakuna maiti ya mtu huko. Kilima kikatwe. Nikodemo alilitangaza mwenyewe, sauti haikutetemeka.

Nimefurahi, na silifichi. Nilipofika nyumbani niliketi kitandani nikacheka peke yangu. Mama, nimekiangusha kilima cha mama yake.

17 Januari

Mashoka yameanza. Yanasikika mpaka darasani. Nimefundisha sehemu za ua.

24 Januari

Mashoka.

29 Januari

Viwavi waliokuwa bado hawajaingia ardhini wameanguka na matawi. Njia ya kilimani imejaa. Watoto wa Tumpe wanaokota walio hai.

6 Februari

Jana chama kipya kimezaliwa, na leo tumeimba uwanjani, tumekula wali. Mkubwa aliyetoka wilayani ameyasifu mabani yetu, amesema Juhudi ni kijiji cha mfano katika tumbaku. Nikodemo alipigiwa makofi. Mimi nilikuwa nikisubiri kuona uso wake ukivunjika, naye amesimama pale amevaa suti mpya ya kaunda, anacheka na kila mtu.

19 Februari

Leo nimepigwa, ingawa hakuna aliyeninyooshea mkono.

Nikodemo amepata kazi ya chama wilayani. Lori lilikuja kuchukua vyombo vyake kwenda Vwawa. Kabla ya kupanda alikuja shuleni, akanisubiri nje mpaka kipindi kikaisha.

"Nimekuja kukushukuru, Mwalimu."

"Kwa lipi?"

"Kilima. Watu wa tumbaku walikuwa wananikaba tangu mwaka juzi nikitoe, na magunia ya viwavi yalikuwa yanapungua. Ningekitoa vipi, mama yangu yuko juu yake? Angenilaani mbele ya kanisa zima. Nilipomwona bwana misitu anatafuta mtu wa kulinganisha, nikasema aaa, Mwalimu Yunisi huyo. Hanipendi. Atakiangusha." Hakuyasema kwa dhihaka. Aliyasema kwa upole, kama mtu anayerudisha jembe aliloazima. "Mimi na wewe sasa hatudaiani."

Alinipa mkono. Nauandika ukweli: niliupokea, kwa sababu watoto walikuwa wanatazama.

20 Februari

Sikwenda kanisani.

3 Machi

Chiriku wamejenga tena korongoni, kiota cha pili cha msimu. Nimekwenda leo nikakuta makinda mawili yamekufa na moja lina pumzi kidogo. Dume aliruka kuelekea kilimani. Akazunguka juu ya visiki, akarudi mdomo mtupu, akaenda tena. Nimemtazama mpaka jua likawa kali. Alishuka hata kwenye nyasi, akaleta mbegu, kinda likashindwa kumeza.

Nilichimba viwavi wa mahindi shambani kwa Osea nikawaweka ukingoni mwa kiota kwa kijiti. Jike alinikimbia, hakurudi.

4 Machi

Kinda limekufa.

11 Machi

Ghala zimekauka na mahindi mapya bado mabichi. Nyakati kama hizi miaka yote tulikuwa na viwavi wa uzao wa pili. Nimempelekea Tumpe debe la unga. Alilipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akasema asante, halafu akabaki mlangoni bila kunikaribisha ndani.

"Wifi, ile siku ulisema chiriku anakula mbegu."

"Ndiyo."

"Watoto wangu walikuwa wanawaona kilimani wakila viwavi. Kila siku. Walikuwa wanawafukuza kwa manati." Alifunga kanga kiunoni upya. "Nilidhani wewe mwalimu umeona kingine."

Akaingia na debe.

13 Machi

Osea amenisalimia, hajaniambia nisali.

20 Machi

Nilikuwa nasahihisha madaftari aliposimama mlangoni Bibi Nambeye. Kichwani alikuwa na mkeka uliokunjwa, mkononi sufuria ndogo. Alikuwa amelowa. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaingia, akautandika mkeka kwenye pembe isiyovuja bila kuuliza.

"Bibi, kuna nini?"

"Mwanangu amekwenda Vwawa. Mke wake hanitaki, na mimi simtaki. Nyumba ya matofali wamepangisha karani wa tumbaku." Aliketi akakamua maji kwenye kanga yake. "Mwanangu alikuondolea mama. Wewe umeniondolea kilima. Sasa nani atanilisha? Wewe."

Nilisimama na kalamu nyekundu mkononi. Nilitaka kumwambia aende kwa kanisa, aende kwa ndugu zake Zambia. Badala yake nikasema jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu.

"Nilimwona chiriku akichukua viwavi kwako. Niliona kabla ya mkutano. Nilidanganya."

"Najua. Nilikuwa nakutazama ulipojibu."

"Kwa nini hukusema?"

Akasogeza sufuria yake ukutani. "Siku mwanangu alipochoma kwenu, mimi nilikuwa kilimani natafuta kuni. Niliuona moshi. Nilijua ni wa nani na ni nani amewasha. Nilikuwa mama yake. Ningeshuka, ningemshika shati, angeacha. Nikafunga mzigo wangu wa kuni, nikaenda nyumbani." Akanitazama. "Basi mkutanoni nilipoona unanyamazia jambo, nikasema haya, huyu naye anafunga mzigo wake. Ni zamu yake."

Nimemchukia kwa saa nzima, sawasawa na mwanawe. Kisha giza likaanza kuingia na ilibidi mtu apike.

22 Machi

Anasema mboga yangu haina chumvi.

30 Machi

Anakoroma. Anaongea na kuku. Darasa la nne linamwita bibi wa mwalimu.

2 Aprili

Nimemwandikia Bwana Athuman Mbeya, nikamweleza niliyoyaona tarehe kumi na mbili Desemba na nilichokisema mkutanoni. Nambeye aliniuliza naandika nini, nikamweleza. Akasema, "Mwambie na visiki vinachipua, asiwaruhusu wavichome." Nimeongeza.

Korongoni leo sijasikia kitu.

10 Aprili, Pasaka

Nikodemo amekuja. Gari la wilaya lilimshusha barabarani akatembea na suti yake kwenye matope. Inaelekea Vwawa watu wameanza kuuliza mama wa kiongozi anaishi wapi. Alisimama uani, mimi nikiwa mlangoni.

"Nimekuja kumchukua mama."

"Yuko ndani. Mwambie mwenyewe."

Alimwambia. Alibembeleza, akasema kuna chumba, kuna kitanda cha chuma, kuna hospitali karibu. Nambeye alikuwa akichambua maharage na hakuinua kichwa. Mwishowe akasema, "Hapa nimezoea."

"Mama, watu watanionaje? Kwa huyu?" Akanigeukia. "Mwalimu, mwambie apande gari. Wewe anakusikiliza."

Msimu mzima nilikuwa nikingoja uso huo, na sasa ulikuwa mbele yangu, mdomo umelegea, macho yanaomba. Nilitamani kuufurahia zaidi kuliko nilivyoufurahia.

"Mimi sihamishi watu," nikasema.

Nambeye akasukuma ungo kando. "Kuni zimekwisha. Kabla hujaenda nipasulie."

Akavua koti la suti, akalitundika kwenye mlango wangu, akachukua shoka. Kuni zenyewe ni za mitondo, mabaki ya kilimani. Alipasua kwa bidii, shati likamganda mgongoni, na watoto waliotoka kanisani wakasimama barabarani kumwangalia kiongozi akipasua kuni kwa mwalimu.

"Weka maji ya ugali," Nambeye aliniambia. "Tuko watatu."

Nimeweka maji ya watu wawili. Alichungulia sufuria, kisha akanitazama. Ugali ulipoiva nilipakua sahani mbili. Alichukua yake akampelekea mwanawe uani. Kisha akarudi, akanawa mikono, akaketi karibu yangu, akamega kwenye sahani yangu.